Sura ya Tisa: Brauza Iliyorudishwa Nyuma

Saa tatu asubuhi Sajini Brigita Mpelumbe alimtoa Ziada mahabusu ya polisi Newala, akamkalisha kwenye benchi la chumba cha maelezo. Kabla hata hajafungua jalada, Ziada alimwahi.

"Afande, leo saa tisa alasiri saa zangu ishirini na nne zinatimia. Unipeleke mahakamani au uniachie. Nimeuliza wenzangu mle ndani, wameniambia ndiyo sheria."

"Sheria naijua, mama."

"Basi vizuri."

Brigita alikuwa na miaka kumi na miwili katika upelelezi pale Masasi, na watuhumiwa wa kila aina alishawaona: wanaolia, wanaotukana, wanaougua ghafla wakiona karatasi. Huyu alikuwa anamtazama tu. Bado alikuwa amevaa gauni la kitenge la shughuli, sare ya ukoo mzima, na begani lilikuwa na unga waliorushiana watu kwa furaha. Jana saa tisa, watoto ndiyo kwanza wanatoka jandoni na nguo zao mpya, ngoma imekolea, vigelegele vimepanda, Brigita aliingia katikati ya uwanja wa Namkonda na askari wawili akamtia pingu Ziada, mama mdogo wa mmoja wao. Ngoma ilinyamaza yenyewe, bila kuambiwa.

Kesi yenyewe jana ilionekana nyepesi. Huku juu Newala maji husukumwa kutoka bondeni, na hayajawahi kutosha. Jumuiya ya Watumia Maji ya Lihoha inavigawia vituo kumi na viwili kwa zamu, na zamu hizo huandikwa kila Ijumaa kwenye mfumo wa mtandaoni. Anachokisema mfumo ndicho mtu wa pampu anachokifanya, hana mjadala. Wanaoandika ni wawili tu: katibu, Mwalimu Alfredi, anayepanga laini ya bomba ya Juu, na Ziada, anayepanga laini ya Chini. Ijumaa iliyopita kituo cha Likwaya kikafungwa siku nne bila tangazo, na kituo cha Namkonda kikapewa zamu mbili. Namkonda ni kwao Ziada, na ndiko shughuli ilikokuwa inapikiwa. Jumatatu, Bibi Fatu wa Likwaya, mwenye miaka sabini na kitu, alishuka mteremko na ndoo kufuata maji ya bondeni, akateleza, akavunjika nyonga. Sasa amelazwa hospitali ya Ndanda na madaktari hawajasema kama atatembea tena.

Watu wa Likwaya walitaka kuchoma ofisi. Mkubwa wake Brigita alimtuma na neno moja: apatikane mtu, haraka. Brigita akachapisha kumbukumbu za mfumo, akaliona jina la Ziada kwenye mstari wa Ijumaa saa nne na dakika arobaini, na kesi ikaisha. Ndani ya saa mbili tu! Alimpigia hata mumewe akajisifu.

"Ijumaa saa nne na dakika arobaini ulikuwa wapi?" aliuliza sasa.

"Masasi, stendi. Nachukua mzigo wa nguo za shughuli. Jana nilikwambia."

"Na mimi jana nilikwambia mfumo unafunguka hata kwenye simu."

"Unafunguka. Lakini mimi sikuufungua. Zamu zangu nilishaziandika mapema, kisha shughuli ikanimeza mpaka jana." Ziada alinyoosha kidole kwenye jalada. "Ile karatasi uliyonipungia jana usoni, umeisoma yote?"

"Nimelisoma jina lako."

"Sijauliza hilo, afande. Nimeuliza kama umeisoma yote."

Brigita alifungua jalada kwa hasira ya mtu aliyeulizwa swali la haki. Karatasi ilikuwa pana kuliko jalada, kwa hiyo jana aliikunja upande wa kulia ili itoshe, akaipiga pini. Aling'oa pini na kuikunjua. Chini ya mkunjo kulikuwa na safu mbili ambazo macho yake hayakuwahi kuziona: kifaa, na brauza, ile programu ya kufungulia mtandao.

Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Alhamisi, jina Alfredi, OFISI-1, brauza toleo la 52. Ijumaa saa mbili na robo asubuhi, jina Alfredi, OFISI-1, toleo la 115, hakuna kilichohifadhiwa. Ijumaa saa nne na dakika arobaini, jina Ziada, OFISI-1, toleo la 52.

Kumbe mabadiliko hayakufanywa kwa simu. Yalifanywa kwenye kompyuta ya ofisini, na karatasi ilikuwa inamwambia hivyo tangu jana saa sita mchana.

"OFISI-1 ni ya nani?"

"Ile ya mezani kwa Mwalimu. Mimi naye tuliitumia pamoja zamani, kabla sijapewa laptop. Mwaka wa tatu huu sijaigusa."

"Ufunguo wa ofisi unao?"

"Ninao."

"Basi kwenye kesi bado uko humu humu."

"Niko humu humu," alisema Ziada. "Ila mpigie karani wa mizigo Masasi. Nilisaini kitabu chake, na saa aliandika yeye mwenyewe."

Konstebo Dauda, dereva, alipewa simu apige. Haikuchukua dakika tano. Karani alifungua kitabu, akasoma: viroba viwili vya nguo, Ziada wa Newala, saa nne na nusu. Dakika kumi baadaye mtu akawa kwenye meza ya Newala akitumia jina lake! Gari gani hilo?

Brigita alimgeukia Ziada, na kumtazama usoni ikawa kazi. "Hizi namba za brauza, nieleze. Kwa nini inatoka hamsini na mbili, inakwenda mia moja na kumi na tano, halafu inarudi?"

"Brauza hujipandisha yenyewe. Unalala nayo ya zamani, unaamka nayo mpya, hukuomba, hukuulizwa. Na mfumo wetu ni wa kale, kwenye mpya unafunguka mweupe kama ukuta. Mimi kwangu nilishaisimamisha isijipandishe. Lakini kujishusha, afande, haijishushi. Kuna mtu aliishusha."

"Ofisini kwenu nani anaweza kazi hiyo?"

Ziada alifikiri. "Mimi," alisema. "Na Mwalimu, kwa jinsi anavyosema." Brigita alimrudisha mahabusu; mkubwa asingekubali aachiwe kabla mwingine hajapatikana.

*

Newala mjini mafundi wa kompyuta hawazidi vidole vya mkono mmoja. Wawili wa kwanza hawakujua lolote. Wa tatu alikuwa Ashraf, mwenye kibanda karibu na soko, na alipomwona Brigita na Dauda wakiingia aliacha kuuza chaja.

"Kuna mtu Ijumaa asubuhi alitaka toleo la zamani la brauza," Brigita alisema. "Alikuja kwako?"

"Wateja wengi, afande."

"Wanaotaka kurudisha brauza nyuma ni wengi?"

Ashraf alijikuna shingo. "Sikumbuki vizuri."

Hapo Brigita alianza kujenga kesi nyingine kichwani. Fundi mwenye maneno ya siri ya nusu ya mji, anamuuzia mtu wa Namkonda jina la Ziada, zamu inabadilishwa, watu wanakunywa. Ikikaa hivyo ni kesi nzuri, na mtu akiwa na kesi nzuri mkononi hakuna wa kumuuliza kuhusu karatasi iliyokunjwa. Alivuta kigoda akakaa.

"Ashraf, kuna mwanamke yuko mahabusu tangu jana. Kuna bibi amevunjika nyonga. Jina la Ziada na neno lake la siri, ulimpa nani?"

"Lahaula! Mimi?" Ashraf alishika kichwa. "Mama, mimi sijampa mtu neno la siri. Nimempa flashi tu! Flashi yenye brauza!"

"Nani?"

"Aliniomba nisimwambie mtu. Mtu mzima, jamani, kanifundisha mpaka darasa la saba. Nitamwekaje hadharani?"

Dauda aliyekuwa mlangoni aligeuza uso barabarani.

"Mwalimu Alfredi," Brigita alisema.

Ashraf alisema, "Alikuja saa tatu, anatoka jasho. Nikamwambia Mwalimu nije mwenyewe, ni kazi ya dakika kumi. Akasema hapana, hapana, nipe tu maelekezo. Akatoa daftari akaandika: ondoa mpya, pakia ya zamani, washa. Hatua kwa hatua, kwa ule mwandiko wake mzuri. Nikamwambia pia kwamba ya zamani haitaki kusoma vitu vilivyohifadhiwa na mpya. Itaanza tupu, au ikikuta ghala la zamani kabisa kwenye mashine itafungua hilo. Kwa hiyo neno la siri uwe nalo kichwani."

"Akasemaje?"

"Hilo hakuliandika," alisema Ashraf.

*

Ofisi ya Jumuiya ilikuwa chumba kimoja chenye bango la ratiba ukutani. Bango halikuwa na majina ya vijiji. Kila laini ilikuwa na vituo namba moja hadi sita, basi. Hii ilitokana na ugomvi wa miaka ile ya mwanzo, kina mama wa kituo hiki hawataki wa kituo kile waandikwe juu yao, mkutano ukavunjika mara mbili, mpaka ikaamuliwa majina yafutwe na zibaki namba. Kwa hiyo Newala kuna namba nne ya Juu na kuna namba nne ya Chini, na kwenye karatasi zinafanana kama mapacha.

Mwalimu Alfredi alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Miaka thelathini nyuma alimfundisha Brigita darasa la kwanza kule Chiwata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Mama yako hajambo? Mikorosho imezaa mwaka huu?"

"Hajambo. Imezaa kiasi." Brigita alikaa. Kumhoji mtu aliyekushika mkono kukufundisha kuandika jina lako si kazi ya mtu kuiomba. Alianza na lililo rahisi. "Mwalimu, Ijumaa ulipanga zamu?"

"Nilipanga. Za kwangu, za laini ya Juu."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, kama kawaida."

"Mfumo unaonyesha ulifungua saa mbili na robo ukatoka bila kuhifadhi kitu."

"Mtandao ulisumbua."

"Brauza ilikuwa imejipandisha."

Mwalimu alirekebisha miwani. "Hizo ni lugha za kina Ziada."

"Basi nisaidie jambo moja. Ingia kwenye mfumo, hapa, nikiona. Kama unavyoingia kila Ijumaa."

Aliwasha. Mikono yake ilikuwa mizito. Ukurasa ulifunguka na visanduku viwili: cha juu kilishajijaza jina kwa herufi ndogo za kijivu, cha chini kilishajijaza vidoti vyeusi vya neno la siri. Mwalimu hakuandika herufi hata moja. Alisogeza mshale mpaka kwenye neno Ingia, akabonyeza, akakaa vizuri kwenye kiti.

"Ndivyo hivyo," alisema.

"Ndivyo unavyoingia siku zote? Vidoti unavikuta?"

"Vipo siku zote."

"Soma pale juu kulia, Mwalimu."

Alisogea. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Pale juu paliandikwa Karibu, Ziada.

Nje mtu alikuwa anapakua madumu matupu kwenye pikipiki, na kelele zake ziliingia mpaka ndani. Brigita alifungua daftari lake.

"Ijumaa ulikuja hapa ukakuta mfumo mweupe," alisema. "Ukaenda kwa Ashraf, ukarudi, ukaondoa mpya ukaweka ya zamani. Ya zamani ikakataa ghala lako, ikafungua ghala la enzi za Ziada alipokuwa anaitumia mashine hii. Ukaviona vidoti ukabonyeza. Ukurasa uliokuja ni wa laini ya Chini, lakini hauna majina, una namba tu. Ukaziandika zamu zako mle. Kituo cha kufungwa kilikuwa namba nne?"

"Namba nne," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Bomba la namba nne la Juu lilitakiwa kutengenezwa. Na namba mbili tuliipa zamu mbili kwa sababu wiki ile haikupata."

"Namba nne ya Chini ni Likwaya. Namba mbili ya Chini ni Namkonda."

"Najua."

"Umejua lini?"

Swali hilo ndilo Brigita aliloliogopa, kwa sababu jibu alishalikisia.

"Jumamosi," alisema Mwalimu. "Fundi wa bomba alinipigia, akasema mbona namba nne yako bado inatoa maji. Nikajua zamu zangu zimekwenda kwingine. Nikawasha hii. Nikalisoma hilo jina."

"Jumamosi! Bibi Fatu ameanguka Jumatatu, Mwalimu. Ulikuwa na siku mbili za kufungua maji."

"Nilitaka kurekebisha. Nikitoka kwenye jina la Ziada ili niingie kwenye langu, linataka neno la siri. Mimi sina. Sijawahi kuwa nalo. Fundi aliyeufunga mfumo miaka saba iliyopita aliliandika yeye, akasema Mwalimu we bonyeza tu. Nimebonyeza miaka saba."

"Si ungerekebisha humohumo kwenye jina la Ziada?"

"Nikaogopa kugusa tena. Nikaona nikigusa nitaharibu na vingine."

"Ziada anakaa mita mia tatu kutoka hapa."

Mwalimu alitazama mikono yake. "Mwaka juzi kwenye mkutano mkuu watu walimtaka Ziada awe katibu. Mimi nilisimama nikasema huyu mama bado anajifunza, mwenye mfumo ni mimi. Nilisema hivyo mbele ya watu mia mbili. Sasa niende kwake Jumamosi nikamwambie sijui kuingia? Mimi? Nimefundisha nusu ya mji huu kusoma!"

"Na jana?"

Mwalimu alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Jana nilikuwepo," alisema. "Nilialikwa. Nilikaa chini ya turubai na wazee wenzangu, sahani ya pilau mkononi. Ulipomtia pingu, mtu aliyekaa karibu nami akasema, unaona, na sisi tulimwamini. Na mimi nikasema, ndiyo, tulimwamini." Alifunika uso kwa viganja. "Nilisema hivyo, mwanangu. Kwa kinywa hiki."

Kinywa kilikuwa cha Mwalimu. Pingu zile nani alizifunga?

Simu yake iliita. Mkubwa wake. "Vipi Newala? Saa saba hii. Yule mama anakwenda mahakamani au haendi?"

"Nitakupigia baada ya nusu saa, afande."

"Usiniletee mkanganyiko, Brigita. Nimeshawaambia watu mtuhumiwa amepatikana."

Alipokata simu, Mwalimu alikuwa ameinua kichwa. Machozi yalikuwepo, lakini sauti ilirudi ile ya darasani.

"Andika nilifanya makusudi," alisema.

"Nini?"

"Maelezo yangu. Andika kwamba nilipewa kitu na watu wa Namkonda. Nikaingia kwa jina la Ziada ili nimsingizie. Nitasaini."

"Mwalimu, hiyo ni rushwa. Utafungwa."

"Nifungwe. Mtu mbaya anafungwa, anatoka, watu wanamsahau. Lakini ukiandika hivi vya vidoti..." Alionyesha kompyuta kwa kidevu. "Watacheka mpaka watoto. Watasema yule mzee alikuwa anabonyeza tu. Nionee huruma, Brigita. Mtu mwenyewe nakubali kosa. Ziada anatoka leo leo. Na wewe unapata kesi yako."

Na hapo ndipo ilipouma, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Ziada angetoka. Mkubwa angefurahi: katibu mla rushwa amejificha nyuma ya jina la mwenzake, mpelelezi kamnasa kwa siku mbili! Katika kesi ya namna hiyo kumkamata Ziada kunakuwa hatua ya uchunguzi, kitu cha kawaida kabisa. Katika kesi ya kweli Brigita ni askari aliyekunja karatasi ili itoshe kwenye jalada. Alishika kalamu muda mrefu. Alitamani, tusidanganyane, alitamani sana.

"Watu wa Namkonda waliokupa hicho kitu ni akina nani?" aliuliza mwishowe.

"Taja yeyote."

"Nimtie mwingine pingu?"

Brigita aliandika maelezo ya kweli, kurasa tatu, tangu brauza ilipojipandisha mpaka sahani ya pilau. Kisha akayasoma kwa sauti neno kwa neno, maana ndivyo utaratibu unavyotaka: mtoa maelezo ayasikie yote kabla ya kusaini. Alipofika kwenye "sikuwahi kulijua neno langu la siri kwa miaka saba" hakuruka hata neno moja. Mwalimu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alisaini kila ukurasa. Brigita akachukua karatasi ya nne, akaandika maelezo yake yeye, jinsi alivyosoma safu tatu na kuacha mbili, akaweka tarehe na sahihi, akaifunga kwenye jalada hilohilo.

Alimpigia mkubwa wake. Yaliyosemwa upande wa pili yalikuwa marefu na hayafai kuandikwa, na yaliisha kwa agizo kwamba Jumatatu aripoti ofisini na maelezo ya kina.

*

Saa nane na robo Ziada alirudishiwa simu, mkoba na hereni zake. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na ukuta. Brigita alimwambia aseme mwenyewe, akasema, kwa kukatakata, bila kumtazama. Ziada alisikiliza huku anavaa hereni moja. Alipomaliza, nyingine ilikuwa bado mkononi.

"Dakika mbili," alisema Ziada.

"Nini, mwanangu?"

"Kubadili neno la siri ni dakika mbili. Ningekuja Jumamosi hiyohiyo, usiku usiku ningekuja. Nisingemwambia mtu, Mwalimu. Ungeniita tu!"

Mwalimu alilia waziwazi, mbele ya askari wa zamu na mama mmoja aliyekuja kuripoti mbuzi wake aliyepotea. Ziada hakumbembeleza. Alimgeukia Brigita.

"Na wewe, afande. Yeye aliona haya. Wewe ilikuwaje? Ungenikalisha pembeni ukaniuliza. Ningekusomea karatasi yako hapohapo."

"Nilikuwa na haraka," alisema Brigita. "Nilitaka sifa. Nisamehe, Mama Shakila."

"Nitakusamehe, lakini siyo hapa." Ziada alivaa hereni ya pili. "Hapa tuko watu sita. Nimeambiwa usiku watu wa Likwaya walirusha mawe juu ya bati langu na mwanangu Shakila yuko ndani. Leo maji yamefunguliwa, wote wako kwenye kituo chao cha maji. Nipeleke huko, useme."

Mwalimu Alfredi hakuambiwa aje. Alitoka tu nje, akapanda nyuma ya gari la polisi, akaketi na mikono juu ya magoti. Brigita na Ziada waliketi mbele na Dauda.

Kituo cha Likwaya kilikuwa kimejaa. Ndoo zilipangwa msururu mpaka kwenye mikorosho, wanawake sitini au sabini, na gari liliposimama soga zote zilikatika. Wa kwanza kushuka alikuwa Ziada. Mtu mmoja alitema mate chini. Mwalimu alishuka akasimama upande wake, kofia mkononi. Brigita alitembea mpaka kwenye sakafu ya simenti penye bomba, na karani wa kituo akafunga koki ili asikike.

"Mimi ni Sajini Brigita Mpelumbe," alisema. "Jana nilimkamata Mama Shakila nikamtia pingu mbele ya watu. Hakufanya kosa lolote. Ushahidi wa kumtoa nilikuwa nao mkononi, sikuusoma. Kosa ni langu."

Alikuwa amesema haraka, macho yake yakitazama ndoo. Kule nyuma ya msururu mwanamke mmoja alijitokeza, kanga imefungwa kiunoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa Sikuzani, binti wa Bibi Fatu, amefika asubuhi hiyo kutoka wodini Ndanda.

"Sema kwa nguvu, afande!" alipaza sauti. "Huku nyuma hatujasikia!"

Brigita aliinua uso, akamtazama, akarudia yote tangu mwanzo, na jina lake akalitaja tena.